UZI: Banda la bustani kwenye hafla za mtaa Mombasa. Miche gani, maji gani, na mtu aonyeshwe nini?

katibu_roshani
Assalaam aleikum jamaa. Kikundi chetu cha wapenda bustani, wengi wetu wakaazi wa Tudor na Majengo wenye roshani, dari au kiwanja cha hatua nne, kimepewa nafasi ya mita 3 kwa 3 kwenye uwanja wa wazi hapa kisiwani tarehe 10 Oktoba, Siku ya Mazingira. Hatuendi kufanya biashara. Tunataka mtu aondoke pale na hamu ya kupanda, na alichopewa kisimfie mkononi.

Nauliza mambo matatu. Miche ianzwe lini na iwe ya nini? Watu waonyeshwe kazi gani ambayo haimalizi saa nzima? Na makopo ya kutilia miche tupate wapi bila kununua plastiki mpya? Tunatarajia wageni kati ya 150 na 200. Wenye ujuzi tuelekezeni kwa vipimo, tafadhali, si kwa jumla jumla.

KitaluKisauni
Wa aleikum salaam, Katibu. Tarehe yako ni njema kwa sababu vuli inakaribia, kwa hivyo mche utakaotolewa siku hiyo utapata mvua kidogo ya kuushikisha. Hafla ya Januari au Februari, kaskazi ikivuma na jua likichoma, ingetaka orodha nyingine kabisa.

Hesabu ianze 10 Oktoba irudi nyuma. Vipandikizi vya asumini vinataka wiki 10 hadi 12 ili viwe na mizizi ya kusafiri, basi vikatwe katikati ya Julai. Mrehani na pilipili kutoka kwenye mbegu ni wiki 8: tarehe 15 Agosti mbegu ziwe ardhini. Biringanya wiki 6, mwisho wa Agosti. Sukuma wiki ni wiki 5. Mnanaa hauoteshwi kwa mbegu; kata vijiti vya sentimita 10, vitie mizizi ndani ya maji kwa siku 7 hadi 10, kisha kwenye udongo, na wiki 4 zinatosha. Mchicha wiki 3 tu, na ukiuwahisha utafika hafla umeshaanza kutoa mashuke ya mbegu, majani yamekuwa magumu, na hakuna atakayeuonea raha.

Panda mara moja na nusu ya unachohitaji. Ukitaka miche 120, sia 180. Zitakazokosa kuota, zitakazooza shingo na zitakazovunjika njiani zitakula hiyo ziada yote.

Kuoza shingo ndiko kunakomaliza vitalu vya watu hapa Pwani: mche unaota vizuri, siku ya tano shina linakuwa jembamba pale linapotoka ardhini, unalala. Ni kuvu, na kuvu hao wanapenda mbegu zilizosongamana, udongo usiopitisha maji na kumwagilia jioni. Sia kwa mistari yenye nafasi ya sentimita 5, changanya mbegu ndogo kama za mchicha na mchanga mkavu safi, sehemu 1 ya mbegu kwa 10 za mchanga, ili zisidondoke kwa mafungu, na mwagilia asubuhi.

Saladi na dania ziache. Mbegu za saladi hugoma kuota udongo ukipita nyuzi 30 hivi. Dania nayo ikipata joto inakimbilia maua kabla haijatoa majani ya maana. Mgeni atadhani yeye ndiye hana mkono wa kupanda, na ni hilo hasa tunalotaka lisitokee.

BiMrehani
Katibu, mche wa sukuma utamvuta yule ambaye tayari anataka kulima. Yule anayepita zake utamvuta kwa harufu.

Weka mbele kabisa ya banda, urefu wa mkono, vyungu vya mrehani, mnanaa na mchaichai, na ukaribishe watu wavunje jani wanuse. Kwa mji huu asumini ina nafasi ambayo hakuna mboga itakayoichukua, maana kila mtu hapa anajua kikuba ni nini: asumini, rehani na mkadi vimefungwa pamoja. Lakini wengi wanavinunua na hawajui kwamba mwasumini unakua vizuri kwenye debe la lita 20 roshani, alimradi upate jua la saa tano au sita kwa siku.

Vitumba vya asumini huchumwa mchana vikiwa bado vimefumba, vyeupe, vimevimba, na hufunguka magharibi. Kwa hiyo chuma saa tisa, viweke ndani ya kitambaa kibichi kwenye sahani yenye kivuli, usivimwagie maji juu. Ukianza kufunga vikuba saa kumi, mgeni atafika kwake vikifunguka. Ukichuma asubuhi yale yaliyokwisha kuchanua, saa sita yatakuwa rangi ya hudhurungi.

Kazi ya kuwapa mikononi iwe ni kukata kipandikizi. Inachukua dakika tano na mtu anaondoka na alichokifanya mwenyewe. Hatua ni hizi. Chagua tawi ambalo si changa la kijani kibichi wala si gumu la kahawia. Likipindwa lipinde kisha livunjike kwa mlio mdogo. Kata sentimita 12 hadi 15, mkato wa chini uwe chini kidogo tu ya kifundo, maana mizizi hutokea kwenye kifundo. Ondoa majani yote ya chini, acha jozi moja juu, na kama ni makubwa yakate nusu ili yasipoteze maji. Chomeka vifundo viwili ardhini, kwenye mchanganyiko wa mchanga wa mto na unga wa makumbi uliooshwa, nusu kwa nusu. Mchanga wa ufuoni hapana, una chumvi na chembe za matumbawe. Bonyeza kwa vidole, mwagilia mara moja, funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Mizizi hutoka baada ya wiki 4 hadi 6. Kuangalia, vuta polepole: ukiona kinakushika, kimeshika.

Kinachoua vipandikizi hivi mara nyingi ni chupa yenyewe kuwekwa juani. Ndani mnapikika. Mwambie kila mtu, na umwandikie, "kivulini mpaka itoe jani jipya".

Mikasi minne ya kupogolea inatosha kwa meza moja. Futa kwa spiriti kila unapohamia mti mwingine. Matawi ya kukatia yavunwe siku hiyohiyo kabla ya saa mbili asubuhi, yafungwe kwa taulo bichi, yasigusane na barafu.

fundi_gunia
Shikamoo Bi Mrehani. Naunga mkono yote, ila naomba nafasi ya gunia, maana wenye dari na vichochoro wanataka chakula pia.

Katibu, usipeleke gunia la kilo 90. Likijaa udongo uliolowa linapita kilo 100 kwa mbali, halibebeki, na mgeni wa ghorofa ya tatu akilinakili roshani kwake atakuwa ameweka mzigo ambao roshani nyingi hazikujengewa. Tumia gunia la mchele la kilo 25. Yamejaa mjini, linachukua takriban lita 30, na uzito wake likilowa ni kama kilo 40. Watu wawili wanalihamisha.

Kunja mdomo wa gunia nje mara mbili ili usifumuke. Chini tandaza sentimita 5 za kokoto nyeusi au vigae vilivyovunjwa. Tafadhali, si vipande vya matofali ya matumbawe. Hayo ni chokaa, na udongo wetu tayari umezidiwa nayo. Chukua kopo la lita moja lililotolewa kitako na kifuniko, lisimamishe katikati, lijaze kokoto, kisha ulizungushie udongo kwa nje. Udongo ukifika ukingo wa kopo, livute juu, kokoto zinabaki zimesimama kama nguzo. Rudia mpaka juu. Nguzo hiyo ndiyo mfereji wa maji wa gunia zima.

Udongo: sehemu 2 za udongo mwekundu, 1 ya samadi iliyooza vizuri au mboji, 1 ya unga wa makumbi uliooshwa. Samadi ikiwa bado ina moto au harufu ya choo, ngojea mwezi mwingine, itachoma mizizi.

Mwagilia, liache siku mbili, udongo utashuka. Ongeza, ndipo utoboe pembeni. Mashimo 12 yanatosha, yapishane kama matofali, sentimita 15 baina ya moja na jingine, kila moja mkato wa sentimita 4. Sukuma au spinachi pembeni, mche wa pilipili au biringanya mmoja juu, basi. Ukiweka nyanya juu na sukuma chini, nyanya italifunika gunia na sukuma zitakonda.

Likikomaa, kwenye joto la kaskazi linataka lita 3 asubuhi na 3 jioni, nyingi zikipitia kwenye nguzo. Mimea ya chini ikinyauka na ya juu ikinawiri, nguzo imezibwa na udongo. Dawa ni kufunika mdomo wa nguzo kwa kipande cha kitambaa chenye matundu na kumwaga juu yake. Magunia haya ya nailoni huchakazwa na jua. Yakianza kutoa unga au nyuzi nyuzi ukiyagusa, hamisha udongo, usingoje yapasuke na kutawanya plastiki shambani.

Kwa hafla andaa magunia matatu: moja tupu na vifaa vyake, moja limefika nusu huku kopo likiwa bado ndani, moja lenye mboga za wiki sita. Mtu anaelewa kwa kutazama tu, na maelezo yote hayazidi dakika saba.

mja_wa_Likoni
Na maji je? Wengi wetu mfereji hutoa maji siku kadhaa kwa wiki, siku nyingine ni kisima au lori la maji. Maji ya kisima yana chumvi. Mnawaambia nini watu hao?

Mchota_Maji
Swali la maana kuliko yote yaliyotangulia, kwa maoni yangu.

Chumvi ya maji hupimwa kwa kijikipimo cha mkono kinachosoma upitishaji wa umeme. Chini ya 0.7 dS/m (desisimens kwa mita) maji ni salama kwa karibu kila mmea. Kati ya 0.7 na 3 yanatumika kwa uangalifu. Yakipita 3 usitegemee kupanda mboga za kawaida kwa hayo peke yake. Kiwekeni kipimo hicho mezani na mtangaze kabla ya siku: "Leta chupa ya maji ya kisima chako tukupimie bure." Watu watakuja kwa ajili hiyo tu, na kila anayepimiwa anaondoka na orodha ya mimea inayofaa maji yake. Pakiti ya mbegu dukani haimwambii hilo.

Anayesoma 2 au zaidi apewe spinachi, kwa kuwa jamii ya kiazisukari huvumilia chumvi. Maharagwe asiyaguse, ndiyo ya kwanza kuungua. Nyanya ziko katikati. Dalili ya chumvi ni ncha na kingo za majani kukauka kuanzia majani ya zamani, na ukungu mweupe kama unga juu ya udongo. Mtu akiona majani yamekauka anaongeza maji kidogo kidogo kila saa, na hapo ndipo anapoharibu, kwa sababu kila tone linaacha chumvi yake. Afadhali amwagilie kwa nadra lakini kwa wingi mpaka yatoke chini ya chombo, yakatoke na chumvi. Mvua ya kwanza kubwa ya vuli ataiacha ipige vyungu vyote. Na maji ya chumvi yasimwagwe kwenye majani.

Unga wa makumbi mliousema una mtego wake. Makumbi yaliyofukiwa pwani ili kutoa usumba wa kamba yamekunywa maji ya bahari. Hata yasiyofukiwa yana chumvi yake ya asili. Loweka kwa maji yasiyo na chumvi, sehemu 1 ya unga kwa 3 za maji, mwaga kesho yake, rudia mara tatu. Maji ya mwisho yapime; yakiwa chini ya 0.5 una kitu kizuri. Ukiruka hatua hii miche itaota halafu isimame pale pale, haifi, haikui.

La mwisho ni majivu. Ushauri wa kutia majivu bustanini umeenea sana, na una maana kule bara kwenye udongo mchachu. Udongo wa kisiwa umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, pH yake, yaani kipimo cha uchachu, mara nyingi iko karibu na 8, upande usio mchachu. Majivu yanaipandisha zaidi, chuma kinajifunga, majani machanga yanakuwa manjano mishipa ikibaki kijani. Banda lenu likiwafundisha watu hili moja tu, waache majivu na waongeze mboji, mtakuwa mmeokoa vyungu vingi.

KitaluKisauni
Mchota Maji amesema kweli tupu. Kuhusu makopo: vifuu. Wapishi wa shughuli na wauzaji wa mbaazi za nazi wanavyo, ingawa wengine huviweka kwa kuwashia moto, basi waombe mapema. Nusu moja ya kifuu inachukua mililita 200 hadi 250. Kwa miche 150 unahitaji lita 35 hivi za udongo, yaani madebe mawili ya lita 20 na utabakisha kidogo.

Nusu yenye macho ina jicho moja laini. Lichome kwa msumari, hilo ndilo tundu la maji. Nusu nyingine haina, itobolewe kwa drili, tundu la milimita 6, au kwa msumari wa moto. Kwangua masalio yote ya nazi kisha uloweke na kusugua. Nyama ya nazi ikibaki inaleta sisimizi na kuvu ndani ya siku tatu.

BiMrehani
Kifuu kinapendeza, ila kina mwisho wake. Mnanaa ukikaa humo zaidi ya wiki nne mizizi inazunguka na kusongana, na kwa joto la Mombasa kinakauka kabla ya adhuhuri. Mtu lazima aambiwe kwamba kifuu ni cha safari na wiki mbili tatu za kwanza, kisha ahamishie kwenye chombo kisichopungua lita 3. Mwandikie kwenye kijiti cha aiskrimu kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida hufutwa na jua na maji, penseli inabaki.

mja_wa_Likoni
Bure au kwa pesa? Kuna wanaosema cha bure hutupwa.

fundi_gunia
Mimi naona iwe shilingi 50. Mtu akitoa kitu kidogo anakipa heshima, na kikundi kinapata ya udongo wa mara ijayo.

MwalimuShamba
Fundi, kwa heshima, hapa siko nawe. Ukipokea hata shilingi 20 uwanjani umekuwa mfanyabiashara, na kaunti inaweza kukudai kibali au ushuru wa siku. Waulizeni ofisi ya kaunti na wenye hafla mapema kama mnataka kuuza. Tena mche wa kuuzwa unaulizwa umetoka kitalu gani, hasa ya matunda. Mbegu mtakazogawa ziwe pakiti zilizofungwa zenye lebo, kwa sababu KEPHIS ndiyo inayosimamia mbegu na afya ya mimea nchini, na banda la wapenda bustani halifai kuwa njia ya kupitishia ugonjwa.

Kinachozuia kutupwa ni kazi, si bei. Asiyekata kipandikizi mwenyewe au kujaza kifuu chake mwenyewe hapewi. Atakayetia mkono udongoni dakika tano hatautupa mche kwenye kituo cha matatu.

Na mengine ya upande wa utaratibu. Kipaza sauti uwanjani kinahitaji kibali chini ya kanuni za kelele za 2009. Kwa banda la mita tatu sauti ya mtu inatosha, na adhana ikianza nyamazeni. Kama mtachukua majina na nambari za simu, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka mtu aambiwe mnazitakia nini na akubali mwenyewe. Andikeni juu ya daftari: "Kwa ajili ya mafunzo ya bustani tu." Za watoto msichukue bila mzazi.

Mtaulizwa kuhusu mbu. Mombasa imepigwa na homa ya dengi zaidi ya mara moja, ukiwemo mlipuko wa 2013 na wa 2021, na mbu wake huzaa kwenye maji machache yaliyotulia kama ya kisahani cha chungu. Yai linakuwa mbu ndani ya siku 7 hadi 10. Jibu lenu lisiwe maneno: visahani vyote bandani vijazwe mchanga mpaka ukingoni, ndoo za maji ziwe na vifuniko, na mnanaa unaotiwa mizizi ubadilishiwe maji kila siku ya tatu. Mtu akiona, amejifunza.

Mimea ya kutoweka mezani: waridi la jangwani lina maua mazuri lakini utomvu wake ni sumu, vivyo hivyo oleanda. Watoto watagusa kila kitu. Lantana na mathenge zisigawiwe hata zikiombwa. Mathenge ilitangazwa rasmi kuwa mmea mbaya nchini 2008, na lantana inajisambaza kwa ndege mpaka kwenye misitu.

fundi_gunia
Hoja ya kazi mikononi naikubali, Mwalimu. Shilingi 50 naiondoa. Ila sanduku la mchango wa hiari liwepo, wenye hafla wakiruhusu.

katibu_roshani
Ahsanteni sana, nanakili yote. Vipi usafiri na jua la uwanjani? Hatuna gari kubwa, na uwanja hauna mti.

KitaluKisauni
Miche inaharibika zaidi njiani kuliko mezani. Pikapu wazi ikipita daraja la Nyali kwa kasi, upepo unakausha majani yote kabla hamjafika. Tumia tuktuk yenye pazia au funika kwa shashi. Panga vifuu ndani ya kreti za soda au za mkate, viziba nafasi kwa magazeti yaliyokunjwa visipinduke.

Siku 10 kabla anza kuizoesha. Siku tatu za kwanza jua la asubuhi mpaka saa tatu, kisha saa tano, kisha siku nzima, huku ukipunguza maji kidogo. Mche uliokaa kivulini wiki nane ukitupwa juani siku moja majani yatageuka meupe kama yamepaushwa, na hayarudi.

Siku yenyewe nywesha saa kumi na mbili asubuhi mpaka maji yatoke chini, acha yachuruzike saa nzima, ndipo upakie. Mkimwagilia mkishafika mtakuwa na meza ya matope, na udongo uliolowa ni mzito kubeba.

fundi_gunia
Tenti iwe nyeupe. Chini ya tenti ya buluu majani yote yanaonekana ya kijivu, na mmea mzima unafanana na mgonjwa. Kila mguu uwekewe mzigo wa kilo 20: galoni ya maji ya lita 20 inatosha, na maji yenyewe mtayatumia. Kwenye uwanja wa lami au sementi vigingi havina kazi, na upepo wa bahari alasiri si wa kuchezea, hasa mkienda siku nyingine upande wa Mama Ngina. Elekeza mgongo wa tenti magharibi, kwa sababu jua la saa tisa ndilo linaloingia chini ya paa. Hapo wekeni pazia la shashi linalozuia asilimia 50 ya jua.

Meza mbili, si tatu. Moja ya kukatia vipandikizi na kujaza vifuu, moja ya kipimo cha maji na majani yenye magonjwa. Magunia yawe chini pembeni, watoto wayafikie. Mtu mmoja asimame nje ya banda, asikae. Watu wanne kwa zamu ya saa mbili wanatosha.

Mchota_Maji
Hayo majani yenye magonjwa yafungwe ndani ya mifuko angavu yenye zipu, yasiachwe wazi: nzi weupe na utitiri mwekundu watahamia kwenye miche mnayogawa. Wekeni kioo cha kukuzia. Utitiri unaonekana chini ya jani kama vumbi linalotembea, jani likiwa na vidoa vidoa vya manjano. Wageni wengi wana mimea yenye utitiri na wanadhani ni upungufu wa mbolea. Dawa ya kwanza ni kuosha chini ya majani kwa maji yenye nguvu kila siku ya tatu, mara nne. Ikishindikana, sabuni ya maji isiyo na dawa ya kung'arisha, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, jioni, jani moja lijaribiwe kwanza.

katibu_roshani
Na karatasi ya kuwapa?

MwalimuShamba
Nusu ya A4, upande mmoja, herufi kubwa, Kiswahili. Aya ndefu hakuna atakayezisoma. Jina la mmea. Jua saa ngapi. Maji kiasi gani: kwa kifuu, nusu bilauri asubuhi, na robo jioni kama juu pamekauka. Lini uhamishwe, na chombo cha lita ngapi. Ugonjwa mmoja utakaoonekana kwanza na la kufanya. Mwishoni siku, saa na mahali pa mkutano unaofuata, palipochapishwa, si "tutawajulisha".

Huo mkutano uwe Jumamosi ya 31 Oktoba kama mwaka huu ni 2026, yaani wiki tatu baada ya hafla. Muda huo ndio mche unaonyesha kama umekubali au umekataa. Uiteni kliniki ya mimea: alete mche wake au picha yake. Hesabu ya karatasi mlizogawa haina maana. Hesabuni picha za miche iliyo hai siku ya 21, kwa kila aina. Mkigawa mirehani 40 na zikarudi picha 10, na pilipili 40 zikarudi 25, mmeshajua mwakani mbegu gani iongezwe na maelezo ya nini yaandikwe upya.

BiMrehani
Na wenye miche iliyokufa waalikwe vilevile, na kifuu chao na udongo wake. Udongo huo mpeni Mchota Maji aupime, mizizi ikunjuliwe mezani. Mizizi mikavu inayovunjika ni kiu, ya kahawia iliyolainika ni maji mengi, yenye vifundo vifundo ni minyoo ya udongoni. Mpeni kipandikizi kingine papo hapo.

katibu_roshani
Nimepanga: vipandikizi vya asumini vinakatwa 18 Julai, mirehani na pilipili 15 Agosti, mnanaa 12 Septemba, mchicha 19 Septemba. Vifuu tunaanza kukusanya wiki hii. Kipimo cha maji bado hatuna. Aliye nacho wa kuazimisha kwa siku hiyo na ya kliniki, aniandikie ujumbe.

Mchota_Maji
Nitakuazima, na nitaleta maji maalumu ya kusahihishia kipimo. Kisahihisheni asubuhi kabla ya mgeni wa kwanza, na kati ya chupa na chupa kisuuzwe kwa maji ya kunywa yaliyochujwa, si ya mfereji.